Mjomba Amechaguliwa Kuwa Mtoto Mchanga

Kaibola, Kiriwina
14 Februari 1993

Kwa Isakapu huko Goroka, na kwa kila mtu wa ukoo wetu aliye mbali na nyumbani,

Inatangazwa rasmi, kwa heshima zote, na bila kupigwa ngoma kwa kuwa ngoma yenyewe imepasuka, kwamba mjomba wenu Tomdawa, mtu wa makamo, mwenye kitambi na magoti mabovu, amechaguliwa kuwa mtoto mchanga.

Usicheke, mpwa wangu. Shangazi zako wamekwisha kucheka kwa niaba ya kisiwa kizima.

Ni hivi. Wamekuja watu wa filamu kutoka Australia. Mkubwa wao ni mama mmoja mrefu, Rosalind, anayevaa kofia hata akiwa ndani ya nyumba. Wanatengeneza picha ya kuchekesha, ya kutazamwa na wazazi na watoto wao, na habari yake ni zile roho za wafu zinazokaa kisiwa cha Tuma zikingoja kuzaliwa tena. Ndiyo, Tuma yetu, hiyo hiyo ninayoiona kutoka mlangoni kwangu asubuhi hii, imekaa kule baharini kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Katika picha hiyo mimi ni roho iliyochoka uzee wa kule. Naoga maji ya chumvi, ngozi inanivuka, natoka nikiwa kichanga. Halafu nakataa kuzaliwa. Kila nikiletewa mama namtia kasoro. Huyu anapika vibaya, yule anakoroma. Rosalind anasema nina kipaji. Mke wangu anasema si kipaji, ndivyo nilivyo.

Walitafuta mtu mwembamba. Wembamba wote walikataa, eti hayo si mambo ya kuchezea. Mimi nilikubali kabla hawajamaliza kuuliza.

Msalimie mumeo Sopaiya. Mwambie mkwe wake sasa ni nyota.

Mjomba wako,
Tomdawa


Goroka
2 Machi 1993

Mjomba wangu,

Nimecheka mpaka Sopaiya akaja jikoni kuuliza kuna nini. Nikamsomea. Naye akacheka. Kisha aliporudi kwenye madaftari ya wanafunzi wake nikaisoma tena peke yangu, na safari hii sikucheka.

Mjomba, nitakuandikia mambo ambayo msichana hamwandikii mjomba wake. Jifanye umefumba macho.

Unajua nimepoteza wawili. Wa kwanza hata shangazi hawakuwa wameanza kunishonea vazi la mimba. Wa pili vazi lilikwisha kufika hapa, jeupe, likinukia moshi wa nyumbani, nikalivaa siku chache tu. Bado lipo sandukuni. Siwezi kulitazama na siwezi kulitoa.

Mwaka juzi uliniahidi. Ulisema nikija likizo utashuka ufukweni maji yakijaa, uchote kwa kata ya mbao, uiweke nyumbani kwangu ilale humo, kama mababu walivyowafanyia dada zao ili roho ya mtoto ije na maji. Sikupata likizo, hilo si kosa lako. Lakini ahadi hiyo nimeishikilia. Huku milimani ni baridi na hakuna bahari. Sopaiya ananiambia, "Kwetu watoto hutoka kwa baba, hawahitaji usafiri wa majini." Anatania, lakini naye huamka alfajiri akakaa tu kitandani.

Sasa niambie jambo moja. Katika picha yenu, kuna mahali pa kuchota maji? Kwa sababu kama kuna mahali hapo, nani anachota? Na anamchotea nani?

Mama alipokuwa hai alituambia tusikoge maji yakijaa, kwa kuwa hao watoto huja na povu, na huwa wanasikia wakiitwa. Alisema ukimwita mmoja kwa mzaha, atakuja kwa mzaha, na mzaha ukiisha ataondoka.

Ninaogopa, Mjomba. Labda ni upumbavu. Niambie ni upumbavu.

Isakapu


Kaibola
21 Machi 1993

Mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako macho yakiwa yamefumbwa, kwa hiyo kama majibu yamepinda, ndiyo sababu.

Ni upumbavu. Umetaka niseme, nimesema. Kuna mahali pa kuchota maji, ndiyo, kwa sababu Rosalind aliambiwa habari hiyo na mtu mwenye mdomo mrefu, simtaji, ila ana kitambi na magoti mabovu. Lakini ni mchezo tu. Maji yenyewe yalikuwa ya tangi la misheni. Nilisimama ufukweni nikijifanya nachota, wao wakageuza mashine zao huku na huku, na kata ilikuwa imejazwa kabla. Maneno niliyosema hayana maana yoyote. Nilitajataja aina za viazi vikuu. Hakuna aliyeitwa.

Hapa vituko haviishi. Mwigizaji wao, anayefanywa mama, alionja chokaa ya tambuu bila popoo, akaungua ulimi, siku nzima akazungumza kama kasuku mgonjwa. Na fundi wao wa sauti, bwana mmoja mwenye ndevu anayevaa vizibo vikubwa masikioni, siku ile ya maji alisimamisha kazi akafoka, "Nani kaja na mtoto mchanga? Mwondoeni, analia ndani ya sauti yangu!" Tukatazamana. Hapakuwa na mtoto ufukweni. Tulicheka sana.

Viazi vyangu mwaka huu ni vinene, ghala litajaa. Usikae na mawazo. Vaa soksi.

Tomdawa


Goroka
9 Aprili 1993

Mjomba,

Tangi la misheni lina tundu tangu nikiwa darasa la tatu. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukitutuma kisimani.

Na unaandika habari ya mtoto aliyelia kana kwamba ni sawa na habari ya ulimi ulioungua. "Tulicheka sana." Nani alicheka? Shangazi walicheka? Nakujua, Mjomba. Ukiogopa ndipo unapochekesha zaidi. Siku tuliyomzika mama ulituchekesha kuanzia asubuhi hadi jioni, na tangu siku ile hujalitaja jina lake hata mara moja.

Nimemwota. Unajua ndoto inavyotakiwa kuwa. Mama anakuja na mtoto, anamweka juu ya kichwa changu, naamka na habari njema. Safari zote mbili sikuota, na nilijua, nikanyamaza. Safari hii amekuja. Alisimama mlangoni kwangu hapa Goroka, maji yakimchuruzika mpaka kwenye zulia, mikono mitupu. Nikamwambia, "Mama, yuko wapi?" Akageuka kutazama nyuma yake, kama mtu aliyekuwa ameshika mkono wa mtoto sokoni, halafu akaona hayupo.

Niliamka nikapapasa sakafu. Ilikuwa kavu. Sijui kwa nini nilipapasa.

Ulichota maji ya kweli. Ulimchotea mwanamke wa Sydney zamu yangu. Kama sivyo, niandikie kwamba sivyo, bila kichekesho hata kimoja.

Isakapu


Kaibola
18 Aprili 1993

Isakapu,

Nakuja. Wamenilipa ule utoto wangu, na nauli inatosha kwenda na kurudi. Nakuletea viazi na popoo. Ukiniona nimebeba kitu usiniulize ni nini, na Sopaiya asiulize. Usiwaambie watu wa kwetu walioko huko.

Mjomba wako


Goroka
30 Juni 1993

Mjomba wangu,

Natumaini ulifika salama na kwamba magoti yamekusamehe. Nyumba imekuwa kimya bila wewe. Hata yule mbwa wa jirani uliyekuwa ukimtukana anakuja mlangoni kukutafuta.

Bado nakuona ulivyoshuka kwenye ndege. Abiria wote wamejikunyata, wewe na kaptula, kata ya mbao kifuani imefungwa kwa majani ya mgomba, na mbele ya kaptula yako maji matupu! Nikakukumbatia nikalowa na mimi. Nikakuuliza, "Mjomba, umejikojolea?" Ukasema ni dafu limepasuka. Sopaiya alijizuia kucheka mpaka machozi yakamtoka. Mpaka leo tukitazamana tu, mmoja anasema "dafu".

Hiyo kaptula uliisahau kwenye kamba. Niliifua kwa mikono jioni ile ile, nikaona maji yamekuwa meupe kidogo. Dafu gani hilo, sijui. Nitaituma ukiitaka.

Na ile kata uliyoiweka uvunguni mwa kitanda changu, sikuuliza ni nini, kama ulivyoagiza. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa naisikiliza. Asubuhi nikachovya kidole, nikalamba. Ilikuwa chumvi ya nyumbani kabisa. Nikalia, lakini si kwa ubaya.

Mjomba, fumba macho tena. Sitaliandika neno lenyewe. Mara zile mbili nililiandika, nikawaandikia watu wote. Safari hii nasema tu kwamba sipendi harufu ya kahawa, na hapa Goroka mji mzima unanuka kahawa.

Usimwambie mtu. Hata shangazi. Vazi ninalo.

Naogopa kupanda ngazi. Naogopa kupiga chafya.

Isakapu


Kaibola
15 Agosti 1993

Mpwa wangu,

Sijamwambia mtu. Hata mke wangu sijamwambia, ingawa amenitazama akasema, "Una nini? Siku hizi unakula kama mtu wa kawaida."

Watu wa filamu wameondoka. Rosalind alilia alipokuwa akiaga, akaniachia kofia yake. Nimeivaa nikaenda nayo shambani, majirani wakadhani amerudi. Picha wanaimalizia kwao, watatuma.

Yule fundi wa sauti alikuja nyumbani kabla hajaondoka. Alitaka kunisikilizisha kitu kwenye vile vizibo vyake. Nikamwambia masikio yangu yana nta. Akasisitiza, "Mzee, sikiliza kidogo tu, niambie ni ndege gani huyo." Nikamwambia ni ndege wa kwetu, hana jina. Akaandika hivyo kwenye daftari lake, akaridhika. Mimi sikuridhika. Tangu siku hiyo maji yakijaa sishuki ufukweni. Natoa visingizio, leo mgongo, kesho mbegu za viazi.

Lakini hayo hayakuhusu. Wewe kula magimbi, lala, acha ngazi zipandwe na Sopaiya.

Vazi la zamani usilivae. Hilo limekwisha kazi yake. Shangazi zako wanashona jipya. Hapana, sikuwaambia! Waliota wenyewe, au walinitazama usoni, kwao ni mamoja.

Tomdawa


Goroka
20 Februari 1994

Mjomba,

Amezaliwa. Ni msichana. Ana vidole vyote, ana nywele, ana paji la uso la kwetu.

Hajalia.

Nakuandikia bila kuficha kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia. Alipotoka tulingoja. Muuguzi akampiga kidogo kwenye nyayo, akafungua macho akamtazama muuguzi kama mtu aliyekatizwa mazungumzo. Anapumua. Ananyonya kidogo kidogo. Daktari amemsikiliza mapafu na moyo, anasema kila kitu kiko mahali pake, wengine huwa wapole. Mama mkwe wangu anasema mtoto mzuri huyo, hasumbui. Wanapita majirani wanasema una bahati. Nami nakaa nimemshika, nangoja, na usiku nikisinzia nashtuka kwa sababu ya ule ukimya.

Akiumwa hatasema. Akiwa na njaa hatasema. Siku akitaka kuondoka je, atatuaga vipi?

Mjomba, yule fundi alisikia mtoto akilia ufukweni. Kilio hicho wamekichukua. Kiko ndani ya mashine yao huko Sydney. Nafikiri huyu ni yule yule, na kilio chake hakikumfuata.

Na kuna jambo jingine. Sopaiya amekuja na tangazo kutoka shuleni. Picha yenu imekamilika, na kwa kuwa imepigwa nchini kwetu, wataionyesha bure ukumbini hapa Goroka mwezi ujao, Jumamosi alasiri. Wote wanafurahi. Nami nakumbuka maneno ya mama. Mzaha ukiisha ataondoka. Picha ikiisha, taa zikiwashwa, watu wakinyanyuka kwenda nyumbani, je, na yeye?

Niambie kweli. Maji uliyoniletea yalikuwa yale ya filamu au mengine? Sitakasirika. Nikijua aliitwa kwa mzaha, nitajua la kufanya, hata kama ni kumshika tu kwa nguvu zaidi.

Hatujampa jina. Naogopa.

Isakapu


Kaibola
3 Machi 1994

Isakapu,

Barua yako imefika leo, na rubani anangoja kwenye uwanja mpaka nimalize hii. Nimempa kofia ya Rosalind ili angoje. Kwa hiyo hakuna nafasi ya kuchekesha, na nitakapochekesha ujue mkono umeteleza.

Kweli ni hii. Nilichota maji ya bahari. Tangi lina tundu, ulisema sawa. Rosalind aliuliza kama kuna mjomba wa kweli anayeweza kuchota kama inavyochotwa, wazee wote wakainuka wakaenda zao, mimi nikabaki kwa sababu magoti yangu huchelewa kuinuka. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Maji yalikuwa yamejaa. Nilichota, nikasema maneno, na ndipo yule bwana akasikia alichosikia. Hakuna aliyecheka. Shangazi zako walikusanya mikeka yao wakaondoka bila kutazama nyuma.

Kata ililala kwenye kibanda chao cha filamu. Usiku kucha nilijiambia, asubuhi nitaichukua kabla ya mtu yeyote, nitajua la kufanya nayo. Asubuhi nikaikuta imeinamishwa juu ya jiwe ikikauka. Msichana wao wa jikoni alikuwa ametumia maji yale kusuuzia vikombe vya kahawa, halafu akayamwaga kwenye kokoto. Alinisalimu vizuri sana. Nilisimama pale nikitazama kokoto mpaka zikakauka. Ndoto yako ilipokuja, ile ya mikono mitupu, nilijua mama yako alikuwa anatazama nyuma kutafuta nini.

Basi nikachota tena, kwa ajili yako, kabla jua halijachomoza, peke yangu, bila mashine. Yale ndiyo niliyopanda nayo ndege.

Sasa fumba macho wewe. Yale hayakufika.

Tulipokaribia milima, ile ndege ndogo ikaanza kurukaruka kama mbuzi. Niliikumbatia kata kwa mikono na magoti. Tukaanguka kidogo, tukapanda ghafla, na maji yote yakanimwagikia mapajani. Yote, Isakapu. Rubani akageuka akasema, "Mzee, supu imekwisha?" Nilitaka kulia nikaona aibu mbele ya mama mmoja mwenye kuku. Hilo ndilo dafu.

Ulipokuwa jikoni unanipikia, nilikwenda bombani kwako, nikajaza kata, nikachukua chumvi kwenye kopo lako la bluu, nikawa naonja na kuongeza, naonja na kuongeza, mpaka ikafanana na ya Kaibola. Uliyolamba ukalia ni maji ya bomba la Goroka. Nimeishi na jambo hilo tangu siku ile, na kila uliponiandikia nilikosa hamu ya kula.

Kwa hiyo huyo mtoto hakuletwa na maji ya filamu. Yale yalinywewa na kokoto. Wala hakuletwa na kata iliyokuwa uvunguni, labda kama chumvi ya dukani nayo ina watoto. Nimekaa hapa nikijiuliza, basi amepitia wapi? Na nimepata jibu moja tu, nalo ni la aibu kwa mtu wa umri wangu.

Ulinikumbatia uwanjani, ukalowa. Na jioni ile uliifua kaptula yangu kwa mikono yako.

Kama unayo bado, iloweke umwogeshe. Sijui kama itasaidia. Mimi pia naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo, sasa nimeliandika.

Rubani anapiga honi.

Mjomba wako,
Tomdawa


Goroka
24 Machi 1994

Mjomba wangu,

Nakueleza yote jinsi yalivyokuwa, bila kuongeza kitu, kwa sababu nawe hukuniongezea.

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye foleni ya posta, nikakaa chini pale pale. Kwanza nilikukasirikia. Nilikasirikia kopo la bluu zaidi kuliko jambo lolote. Halafu nikaenda nyumbani, nikatoa kaptula, nikailoweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nikamwogesha mwanangu kwa maji ya kaptula ya mjomba. Sopaiya alisimama mlangoni na taulo, hakusema "dafu". Mtoto akapiga chafya. Basi. Hakulia.

Ikafika ile Jumamosi. Nilikuwa nimeapa kutokwenda. Sopaiya akasema, "Tukikaa hapa tutakuwa tunaisikia kichwani mpaka jioni. Twende tuione ni nini." Nikamfunga mtoto kifuani, nikavaa vazi la shangazi juu, ingawa wakati wake umepita, tukakaa karibu na mlango ili nipate kukimbia.

Mjomba, inachekesha. Ukumbi mzima uliangua kicheko ulipowakataa wale akina mama. Watoto walikuwa wanapiga kelele, "Kichanga kinene! Kizaliwe!" Hata mimi nilicheka, huku mkono wangu uko juu ya mgongo wake nahesabu pumzi.

Kisha pakaja ufukwe wetu, maji yamejaa. Mashine ikatulia. Nikakusikia unakohoa, na nyuma ya mawimbi nikakisikia kile kilio. Chembamba, kinakatika, kinaanza tena. Walikiacha ndani. Watu wengine nafikiri walidhani ni ndege. Nikainuka niondoke, lakini nikakaa tena, kwa kuwa wewe ulikuwa umeinama na kata, ukaanza kusema.

Chini ya picha waliandika kwamba unasema, "Ewe bahari kuu, tupe zawadi ya uhai." Uliniandikia kwamba ulitaja aina za viazi vikuu. Na hata katika barua yako ya kweli uliandika tu kwamba ulisema maneno.

Watu wa kwetu hawakuwamo, na mimi peke yangu katika ukumbi ule ndiye niliyeelewa lugha yetu. Ulisema, "Bolaku, dada yangu, mimi Tomdawa. Bolaku, mlete. Si wa watu hawa, usiwasikilize. Mpelekee Isakapu, yuko milimani, njia ni ndefu, mshike mkono vizuri." Mashine zao zote zilikuwa zinakutazama, nawe ulikuwa unamwita mama. Ulilitaja jina lake mara mbili.

Sikujua kwamba nalia. Machozi yalikuwa yanamdondokea mtoto usoni. Akafungua macho. Ukageuka na kata yako, uso wako ukajaa ukuta mzima, mpaka nywele za puani, naye mtoto akakutazama. Akavuta pumzi, ndefu, nikadhani haitaisha.

Akalia, Mjomba! Alilia mpaka mtu wa mashine akatoa kichwa dirishani. Mama mmoja nyuma akafoka, "Wee, mtoe nje huyo, hatusikii!" Sopaiya akamgeukia, machozi yakimtiririka kwenye ndevu, akamwambia, "Mama, msikilize huyo, picha utaiona siku nyingine." Tukakaa mpaka mwisho. Taa zikawashwa, watu wakanyanyuka, wakaenda zao, na yeye bado alikuwa analia, mwekundu, ngumi zimekunjwa.

Sasa hivi ninapoandika analia. Alilia jana, akalia alfajiri, jirani ametuletea ndizi ili tumnyamazishe. Sopaiya anasema si kaptula, si maji, si maneno. Ni ile sura yako kwa ukubwa ule, mtu yeyote angelia. Mimi sijui ni nini. Nakwambia tu niliyoyaona.

Jina lake tumempa Bolaku. Utalazimika kulitaja.

Isakapu